Turubai Jipya la Bwawa: Kasoro Zake na Haki za Mnunuzi

Katika mwambao wa Mtwara, kuanzia Msimbati hadi maingilio ya Mto Ruvuma, sehemu kubwa ya udongo ni kichanga usioshika maji. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kiangazi kinachofuata ni kirefu. Ndiyo maana bwawa la maji ya nyumbani, la samaki au la kuogelea hutandikwa turubai zito la plastiki. Turubai hilo likivuja mwezi Mei, mwenye bwawa hupoteza fedha zake pamoja na maji ambayo hatayapata tena hadi msimu ujao.

Malalamiko mengi hukwama kwa sababu muuzaji humtupia lawama fundi, naye fundi humtupia muuzaji. Mlaji anayejua chanzo cha kasoro hujua pia wa kumdai.

Vipimo pungufu

Urefu wa turubai ni urefu wa bwawa, ukijumlisha kina mara mbili, pamoja na nusu mita kila upande ya kuzikia pindo. Upana hupatikana vivyo hivyo. Bwawa la mita 6 kwa 4, lenye kina cha mita 1.5, huhitaji turubai la mita 10 kwa 8. Likiwa dogo zaidi, fundi hulivuta ili lifike, na uzito wa maji hulichana pembeni. Pimeni turubai mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Aliyeuziwa kipimo pungufu apeleke malalamiko yake Wakala wa Vipimo.

Mikunjo na maungio

Plastiki hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Turubai likikazwa saa saba mchana, usiku husinyaa na kuvuta maungio yake. Fundi makini hutandika asubuhi au jioni, akiacha ulegevu kidogo. Mikunjo michache midogo si kasoro. Lakini turubai linaloning'inia pembeni bila kugusa ukuta wa bwawa ni kosa la utandikaji, na lirekebishwe kabla ya kujaza maji. Ungio linaloachia bila kuvutwa ni dalili ya kuunganishwa vibaya. Ulizeni ni nani aliyeliunganisha, kiwanda, muuzaji au fundi.

Matundu na uvimbe

Mizizi ya mikorosho, mawe ya matumbawe na vipande vya makombe hutoboa turubai kutoka chini. Kusafisha shimo na kutandaza mchanga laini au kitambaa kizito ni sehemu ya kazi ya utandikaji, hivyo iandikwe katika makubaliano. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa aghalabu huwa na makombe. Aidha, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, msichukue mchanga kabla ya kuuliza uongozi wa hifadhi.

Karibu na mikoko, maji ya ardhini huwa juu na huweza kulinyanyua turubai likavimba kama puto. Msilitoboe ili kulishusha, wala msimwage maji yote ya bwawa wakati wa masika, kwani ni uzito wa maji ya ndani unaolikandamiza turubai.

Kupima uvujaji

Maji hupungua pia kwa jua na upepo. Ili kutofautisha, jazeni ndoo maji ya bwawa na kuisimamisha ndani ya bwawa, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Wekeni alama ya kina ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa, kisha subirini saa 24 bila mvua wala kuchota. Bwawa likipungua kuliko ndoo, linavuja. Katika bwawa tulilolitaja, tofauti ya sentimita 2 ni lita 480, yaani ndoo 24 za lita 20 kwa siku moja. Maji yakiacha kushuka yalipofika usawa fulani, tafuteni tundu kwenye usawa huo.

Haki zenu

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake: bidhaa haina budi kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo semeni wazi, na ikiwezekana kwa maandishi, kwamba turubai ni la bwawa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Hata hivyo, katika sheria hiyo, anayenunua kitu ili kuzalishia bidhaa za kuuza hahesabiwi kuwa mlaji. Mfugaji wa samaki wa biashara, basi, ategemee zaidi mkataba wake na Sura ya 214.

Daini risiti ya EFD. Kubalianeni na fundi kwamba sehemu ya malipo italipwa baada ya kipimo cha ndoo. Kasoro ikionekana, pigeni picha, msikate wala kuziba lolote kabla muuzaji na fundi hawajaona, na mwandikieni muuzaji mapema. Asipotekeleza wajibu wake, mlaji apeleke malalamiko Tume ya Ushindani, akiambatanisha risiti, makubaliano na picha hizo.