Picha Iliyo Juu ya Santuri Ilitoka Wapi?

Jalada la santuri ya inchi 12 ni mraba wenye karibu sentimita 30 kila upande. Wachoraji wa zamani hawakuchora kwa kipimo hicho. Ndiyo maana mwanamuziki anapochukua mchoro uliokuwapo tangu zamani na kuuweka juu ya albamu yake, lazima kitu kibaki nje: kando za mchoro, ukubwa wake, jina la aliyeuchora, na jambo lililomsukuma auchore. Kufuatilia asili ya picha hizi ni kuvitafuta vile vilivyobaki nje. Wapo wanaoiona kazi hii kuwa mchezo wa mashabiki. Mimi naiona kama njia nzuri ya kuuelewa muziki wenyewe, kwa sababu mara nyingi sababu ya picha kuchaguliwa imo katika sehemu ile ambayo jalada halikuionyesha.

Tuanze na albamu ya kwanza ya kundi la Marekani la Fleet Foxes, iliyotoka 2008. Jalada lake limetokana na mchoro wa Pieter Bruegel Mkubwa wa mwaka 1559, rangi za mafuta juu ya ubao wa mwaloni, ambao leo uko Gemäldegalerie mjini Berlin. Mchoro halisi una upana wa zaidi ya mita moja na nusu, hivyo ulipoingizwa kwenye mraba ulipunguzwa upana. Kwa mbali unaona kijiji cha kawaida chenye nyumba, maji na watu walio katika shughuli zao. Sogea karibu. Chini kushoto mtu anagonga kichwa chake ukutani. Hapo hapo jirani, mwingine aliyevaa deraya anahangaika kumfunga paka kengele. Huyu ananyoa nguruwe ilhali mwenzake ananyoa kondoo. Yule anafukia kisima wakati ndama ameshafia humo. Katikati, mke anamvika mumewe joho la buluu, ishara ambayo watu wa Flandria wa wakati ule waliijua vizuri: mume anasalitiwa nyumbani kwake.

Kila kikundi cha watu katika mchoro huo ni methali, na wataalamu wamezihesabu zaidi ya 100. Msomaji wa Kiswahili ana bahati mbele ya picha hii, maana nyingi anaweza kuzijibu kwa methali zake mwenyewe. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Nani atamfunga paka kengele? Majuto ni mjukuu. Tumezizoea kwa masikio. Bruegel alizipa miili, nguo na uso. Robin Pecknold, kiongozi wa kundi hilo, amewahi kueleza kwamba alivutiwa na jinsi mandhari inavyoonekana tulivu mwanzoni, halafu macho yanapozoea yanakutana na vurugu. Ukishajua hivyo, sauti za kuitikiana za kundi hilo, zinazosifiwa kwa utulivu wake, unazisikiliza kwa uangalifu zaidi.

Mwaka huohuo wa 2008 Coldplay walitoa Viva la Vida, na hapa ufuatiliaji unawaponyoka wengi. Mwanamke aliye kwenye jalada, aliyeshika bendera ya rangi tatu, akiwaongoza watu juu ya miili ya walioanguka, hudhaniwa kuwa ni wa mapinduzi ya 1789. Sivyo. Eugène Delacroix alimchora mwaka 1830, kuhusu siku tatu za Julai mwaka ule ambapo watu wa Paris walimng'oa Mfalme Charles X. Tofauti hiyo ya miaka 41 ina uzito, maana wimbo uliobeba jina la albamu unamzungumzia mfalme aliyepoteza ufalme wake, na mchoro huu ulizaliwa mwaka uleule mfalme mmoja alipopoteza wa kwake. Isitoshe, jina la albamu limetoka kwa mchoraji mwingine kabisa, Frida Kahlo wa Mexico, aliyeandika maneno hayo juu ya kipande cha tikiti maji katika mchoro wake wa 1954, mwaka aliofariki, baada ya miaka mingi ya maumivu yaliyotokana na ajali ya basi. Jalada moja, michoro miwili. Anayeishia kwenye picha inayoonekana anapata nusu ya habari.

Wakati mwingine uchaguzi hutokea karibu kwa bahati. Mwaka 1983 msanifu Peter Saville alikuwa akitafuta jalada la albamu ya New Order, Power, Corruption & Lies. Alikwenda National Gallery ya London akitarajia kumpata mtawala wa zamani mwenye sura ya hila, wa kufanana na jina hilo. Hakumpata. Aliondoka na postikadi ya kapu la waridi lililochorwa na Mfaransa Henri Fantin-Latour mwaka 1890, na aliyekuwa naye akamuuliza kwa utani kama hilo ndilo litakuwa jalada. Likawa ndilo. Saville ameeleza baadaye kwamba maua yana mvuto, na madaraka na uongo navyo huingia katika maisha ya watu kwa kuvutia. Kwangu jibu hilo lina nguvu kuliko lile ambalo mtawala yeyote wa kuchorwa angeweza kulitoa.

Lakini safari inayonigusa zaidi ni ya Ernie Barnes. Alizaliwa mwaka 1938 mjini Durham, North Carolina, enzi za ubaguzi wa rangi, akacheza kandanda ya Kimarekani ya kulipwa kabla ya kuwa mchoraji wa kudumu. Mwaka 1952, akiwa bado mtoto, alijipenyeza kwenye ukumbi wa Durham Armory kuwatazama watu wazima wakicheza dansi. Kumbukumbu hiyo ndiyo ikawa The Sugar Shack: ukumbi uliojaa hadi pomoni, mikono mirefu kuliko ya kawaida imeinuliwa juu, migongo imepinda, magauni yamebana, na karibu kila mtu amefumba macho. Barnes alisema aliwafumba macho watu wake kwa sababu binadamu ni vipofu kwa utu wa wenzao. Miili ile iliyorefushwa ni ya mtu aliyeijua misuli kwa kuitumia uwanjani.

Marvin Gaye aliupenda mchoro huo, na mwaka 1976 ukawa jalada la I Want You. Hapa jambo lisilo la kawaida lilitokea. Kwa Bruegel au Delacroix hakukuwa na wa kuulizwa. Kwa Barnes, mchoraji alikuwa hai, na mchoro wenyewe ulibadilishwa kwa ajili ya albamu. Mabango yanayoning'inia kwenye dari yaliongezewa maneno ya kuitangaza kazi ya Gaye. Hivyo jalada liliingia ndani ya mchoro badala ya kuukata tu. Watazamaji wa televisheni wa Marekani nao waliujua mchoro huo kupitia tamthilia ya vichekesho ya Good Times, iliyowahusu watu weusi wa Chicago.

Yapo matoleo mawili ya The Sugar Shack, na ndiyo sababu anayefuatilia asili lazima alinganishe mabango, neno kwa neno, kabla ya kusema ameupata mchoro anaoutafuta. Mnada wa Christie's mjini New York uliliuza toleo la 1976 mwezi Mei 2022. Makadirio yalikuwa hayazidi dola 200,000. Liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 15. Mnunuzi, Bill Perkins, alikuwa ameujua mchoro huo tangu utotoni, kwa kuutazama kwenye televisheni. Barnes alifariki mwaka 2009, miaka 13 kabla ya mnada huo, na kwa muda mrefu makumbusho makubwa yalikuwa yamempita kimya. Walioutunza umaarufu wa kazi yake miaka hiyo yote ni watu waliokuwa na santuri ya Gaye sebuleni, wengi wao bila kulijua jina la mchoraji.