Nyama choma na nyama ya moshi nyumbani: Ni jiko gani linafaa, na moshi una hatari gani?

Huko Namawojjolo, kando ya barabara kuu inayotoka Kampala kwenda Jinja nchini Uganda, wachuuzi huyakimbilia magari wakiwa na mishikaki ya nyama na mapaja ya kuku yaliyotoka motoni. Mjini Bujumbura, samaki aina ya mukeke kutoka Ziwa Tanganyika hubanikwa juu ya makaa na kuliwa kwa ndizi. Nchini Rwanda mishikaki ya mbuzi haikosekani katika baa, na nchini Kenya nyama choma ni sehemu ya karibu kila sherehe.

Moto huo huwashwa pia katika nyua za nyumba, hasa mwisho wa wiki na wakati wa sikukuu. Hata hivyo, wengi hununua jiko kwa kuangalia bei na ukubwa pekee, ilhali aina ya jiko ndiyo inayoamua ladha ya nyama, kiasi cha mkaa kinachoteketea na, muhimu zaidi, usalama wa mlaji na mpishi.

Kuchoma na kufukiza: tofauti ni ipi?

Kuchoma ni kuiweka nyama moja kwa moja juu ya makaa yenye joto kali kwa muda mfupi. Njia hii huifaa nyama laini au iliyokatwa vipande vidogo, kama vile mishikaki, steki na samaki.

Kuiva kwa moshi ni jambo jingine. Nyama hukaa mbali na moto, ndani ya chombo kilichofunikwa, na hupikwa polepole kwa hewa ya moto iliyochanganyika na moshi. Joto la ndani ya jiko huwa kati ya nyuzi 107 na 149 za Selsiasi, na kazi huweza kuchukua saa nyingi.

Subira hiyo ina sababu. Sehemu za mnyama zinazofanya kazi nyingi, kama kidari na bega, zina nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Zikichomwa haraka hubaki ngumu. Zikikaa kwa saa kadhaa katika joto la wastani, kolajeni huyeyuka na kuwa jelatini, na nyama hulainika.

Ipo pia njia ya tatu, ya kukausha kwa moshi ili chakula kidumu. Ndiyo inayotumiwa na wasindikaji wa samaki katika mialo ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Hapa chumvi, ukavu na kemikali zilizomo ndani ya moshi hushirikiana kuzuia bakteria. Wafugaji wa Kimaasai nao wamefahamu kwa muda mrefu nguvu hiyo ya moshi: husafisha vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya mzeituni mwitu, na maziwa hupata harufu nzuri.

Nyama iliyopikwa kwa moshi kwa saa chache haikukaushwa. Bado ina maji mengi, na huharibika kama nyama nyingine yoyote isipowekwa kwenye jokofu.

Nusu pipa: rahisi, lakini lichunguzwe

Jiko linalopatikana kwa urahisi katika miji ya Afrika Mashariki ni lile linalotengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa pipa la chuma lililopasuliwa katikati. Lina nafasi kubwa na huwafaa wageni wengi. Udhaifu wake ni kwamba liko wazi: joto hupotea, mkaa huisha haraka, na nyama haiwezi kufukizwa vizuri isipokuwa nusu ya pili ya pipa imefungwa bawaba na kugeuzwa kifuniko.

Mnunuzi anapaswa kuuliza pipa lilibeba nini hapo awali. Lililowahi kubeba dawa za kuua wadudu au kemikali za viwandani halifai kwa chakula kabisa. Lililobeba mafuta ya kula linafaa zaidi, na hata hilo huchomwa kwanza kwa moto mkali bila chakula ili rangi na mabaki yaungue.

Wavu nao uangaliwe. Chuma kilichopakwa zinki, kama kile cha mabati, kikipata joto kali sana hutoa mvuke unaoweza kumletea mtu homa na maumivu ya kifua. Wavu wa chuma cha pua au nondo zisizopakwa chochote ni salama zaidi.

Jiko lenye kifuniko

Jiko la mviringo lenye kifuniko lilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1952, wakati George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers karibu na Chicago, alipolikata boya la chuma na kuligeuza jiko. Siri yake ni matundu ya hewa ya chini na ya juu. Yakifunguliwa, moto huongezeka. Yakizibwa kwa kiasi, moto hupungua bila kuzimika.

Jiko la aina hii, liwe la dukani au la fundi wa mtaani, huweza kufanya kazi zote mbili. Anayetaka kuchoma hutandaza makaa chini ya wavu wote. Anayetaka kufukiza hukusanya makaa upande mmoja, huweka nyama upande wa pili juu ya sufuria ya maji, hutupia vipande vichache vya kuni kavu, kisha hufunika. Kila kifuniko kinapofunuliwa joto hutoroka, hivyo mpishi mwenye pupa huongeza muda wa kazi.

Kwa familia ndogo, jiko la mkaa lenye kizibo cha udongo wa kuchoma ndani, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980 na kisha katika nchi jirani, linatosha kwa mishikaki na samaki. Udongo huhifadhi joto na kupunguza matumizi ya mkaa. Jiko la gesi huwaka haraka na halina majivu, ila ladha ya moshi huwa hafifu.

Moshi una nini ndani yake?

Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa mamia ya kemikali. Baadhi huipa nyama rangi na harufu inayopendwa. Nyingine ni kundi la haidrokaboni lijulikanalo kwa kifupi PAH, na miongoni mwake ni benzopaireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) limeiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kemikali hizo huongezeka mafuta ya nyama yanapodondoka juu ya makaa, yakaungua na kurudi juu yakiwa moshi mweusi. Mwaka 2015, IARC pia iliitangaza nyama iliyosindikwa, ikiwamo ya kukaushwa kwa moshi, kuwa kisababishi cha saratani. Kwa mujibu wa shirika hilo, kula gramu 50 za nyama ya aina hiyo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hivyo anayeila kila siku ana hatari kubwa kuliko anayeionja mara moja moja.

Suala hili linagusa biashara pia. Tangu Septemba 2014, Umoja wa Ulaya unataka kilo moja ya samaki au nyama ya moshi isizidishe mikrogramu 2 za benzopaireni, kutoka 5 za awali. Samaki wa tanuri la kienyeji huweza kukwama hapo.

Afrika Magharibi imetoa majibu mawili. Nchini Ghana ilibuniwa oveni yenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, ikapewa jina la mtaa wa wavuvi wa Chorkor, mjini Accra. Hupunguza kuni na kazi. Baadaye, huko Thiaroye nchini Senegal, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilishirikiana na chuo cha mafunzo ya uvuvi kubuni tanuri lenye trei ya kukinga mafuta yasifikie makaa, na sehemu ya pembeni ya kuzalisha moshi.

Kanuni hiyo huweza kufuatwa nyumbani bila gharama: kuondoa mafuta ya ziada kwenye nyama, kuweka sufuria ya kuyakinga, kungoja miali ipungue na makaa yafunikwe na majivu meupe, kugeuza nyama mara kwa mara, na kukata sehemu zilizoshika masizi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki, na miti yenye utomvu mwingi kama msonobari visitumiwe. Kuni kavu za mpera hutoa moshi safi zaidi.

Imeiva au imebabuka tu?

Rangi ya nje hudanganya. Kipimajoto cha kuchoma katikati ya mnofu ndicho shahidi wa kweli. Viwango vinavyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani ni nyuzi 63 kwa mnofu mzima wa ng'ombe, mbuzi au kondoo, ikifuatiwa na mapumziko ya dakika tatu. Nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga, na nyuzi 74 kwa kuku. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa mbili, au saa moja ikiwa joto la hewa limepita nyuzi 32.

Mkaa, misitu na pumzi

Kwa matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya mkaa huweza kumeza kilo tano hadi kumi za kuni. Mei 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi hiyo kwa sababu ya kutoweka kwa miti. Jiko lenye kifuniko, ambalo mkaa wake huzimwa kwa kuziba matundu na kuwashwa tena siku nyingine, hupunguza mzigo huo.

Hatari ya mwisho haina harufu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo humlaza mtu na kumuua kabla hajatambua. Katika maeneo ya baridi, baadhi ya familia huingiza jiko ndani baada ya kuchoma ili kupata joto la usiku, na vifo hutokea. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi na uchafu mwingine wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo jiko la mkaa, liwe la bei ndogo au kubwa, hubaki nje hadi kaa la mwisho lizimike, na watoto hukaa upande ambao upepo hauwapelekei moshi.