Mvule umesimama, watoto wake wako wapi?

Wasomaji wa mwambao wa Tanganyika wananiuliza: miti ya kando ya mto bado imesimama, mbona mnasema msitu unakwisha? Nawaelewa. Ukitoka Kigoma kwa boti kuelekea Mwamgongo, Gombe inaonekana kijani tupu. Ukilipita bonde la Mitumba, kijani kinakatika: mlimani mihogo, bondeni michikichi, na miti ya asili imebaki vipande vipande. Gombe yenyewe, hifadhi ya taifa tangu 1968, ni kipande katikati ya mashamba.

Jibu liko chini ya mti. Chukua mvule. Miche yake hushambuliwa na kidudu kiitwacho Phytolyma, ambacho hufanya majani machanga yavimbe, yapasuke, kisha mche unyauke. Miche ikibanana mahali pamoja, kidudu kinahama toka huu hadi ule mpaka imalizike; ndiyo maana mashamba ya mvule mtupu yameshindikana sehemu nyingi za Afrika. Karibu kila mti una adui wa namna hiyo, awe kuvu wa udongoni au mdudu anayetoboa mbegu, naye hujazana penye chakula chake, kivulini mwa mama. Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971, kila mmoja kivyake, walieleza matokeo yake: nafasi iliyo chini ya mama inachukuliwa na mtoto wa mti wa aina nyingine, asiye na adui pale. Hivyo hakuna aina moja inayouteka msitu. Mimi jambo hili halijaacha kunishangaza.

Lakini mbegu lazima ibebwe mbali. Za mvule hubebwa na popo. Za miti mingine hubebwa na hondohondo, nyani na sokwe. Kule Kibale, Uganda, watafiti walipopekua kinyesi cha sokwe walikuta mbegu karibu katika kila rundo. Tena mvule una mti dume na mti jike. Kipande kilichobakiwa na jike peke yake, bila dume jirani wala popo, kina mzee asiye na mrithi. Ataonekana mzima miaka mingi.

Kwa hiyo tuache kuambiana kwamba mikaratusi itarudisha msitu. Shamba la mti mmoja ni shamba. Na si kweli kwamba kilima kilichofyekwa kimekufa: katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, mradi wa TACARE, ulioanza 1994, umeonyesha kwamba visiki vikiachwa bila moto wala panga huchipua vyenyewe.

Wanaonikera zaidi ni wauza magome, wanaoapa kwamba gome moja linatibu kisukari, presha na saratani. Chakula cha mti hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Ukilibandua kuuzunguka mti, umeua mti, na mgonjwa wako hajapona.

La kufanya: mita 60 za kando ya mto ziachwe, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Moto usivuke shamba. Vipande viunganishwe kwa ukanda wa miti mchanganyiko. Na ukienda mtoni, inama chini ya mti mkubwa uhesabu miche iliyopo, na ni ya aina ngapi.