Rudisha Themostati

Gari likichemsha mara mbili tatu, dawa inayotolewa katika gereji nyingi za mitaani, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ni ileile. Fundi anafungua boliti mbili, anatoa themostati, anafunga tena na kujaza maji ya bomba. Mwenye gari anaondoka ameridhika, kwa kuwa hakununua spea na mshale wa joto umeshuka. Matengenezo hayo yanafupisha maisha ya injini, na yanamgharimu zaidi yule yule asiye na fedha za kununua injini nyingine. Mwenye gari kuukuu anayetaka kuokoa fedha kwa kushika spana mwenyewe nyumbani asianze na gia wala umeme. Aanze na mfumo wa kupoza injini, kwa sababu hapo ndipo kazi ndogo inapozuia hasara kubwa kuliko mahali pengine popote chini ya boneti.

Petroli inapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu yake husukuma gari. Sehemu kubwa hugeuka joto, na joto hilo hutoka kwa njia mbili kuu, yaani ekzosi na maji yanayozunguka injini. Lakini injini haitaki baridi. Vyuma vyake vimechongwa kwa vipimo vya joto la kazi, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Themostati ndiyo mlinzi wa mpaka huo. Ndani yake mna nta inayovimba ikipata moto. Ikivimba husukuma vali na kufungua njia. Themostati nyingi za magari ya Kijapani zimegongwa namba 82, maana yake huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini peke yake ili ipate moto haraka, na baada ya hapo hupita kwenye rejeta kwenda kupoa.

Ukiitoa, maji huenda kwenye rejeta tangu unapowasha gari. Injini huchelewa kupata moto, na katika safari fupi za asubuhi huenda isiupate kabisa. Kompyuta ya gari, ikisoma kuwa injini ni baridi, huongeza petroli. Petroli ya ziada isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika na oili yenyewe. Unyevu ambao ungekauka kwa joto hubaki humo pia. Katika magari mengi ya otomatiki, gia ya juu kabisa hucheleweshwa hadi maji yapate moto, kwa hiyo mwenye gari analipia mafuta mara mbili. Magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto, bali taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi. Taa hiyo ikiendelea kuwaka kilomita nyingi baada ya kuondoka nyumbani, ama themostati imekwama wazi, ama ilishatolewa.

Utetezi unaosikika sana ni kwamba kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji, na sisi hapa tuna jua la kutosha. Lakini magari yanayouzwa mapya Oman na Dubai, ambako kiangazi joto hupita nyuzi 40 kwa wiki nyingi, yana themostati vilevile. Sababu ni rahisi: injini ikishapata moto, themostati nzima imefunguka na haizuii chochote. Tena katika injini nyingi vali hiyohiyo, inapofungua njia ya rejeta, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji huendelea kuzunguka bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati linaweza kuonekana zima mjini, kisha likachemsha likipanda mlima Kitonga na abiria watano.

Wengine hujibu kwa ushahidi wa macho: themostati imetolewa na gari limeacha kuchemsha. Naukubali ushahidi huo, ila tuusome vizuri. Ikiwa themostati ilikwama ikiwa imefunga, kuitoa kumefungua njia, na mpya ingefanya vivyo hivyo bila madhara. Ikiwa haikuwa mbovu, basi tatizo lingali palepale: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka kwa wakati, mfuniko uliolegea, au gasketi ya silinda hedi iliyoanza kupitisha gesi. Kilichoondolewa ni dalili tu. Na dalili ikifichwa, silinda hedi ndiyo inayolipa. Kwa kawaida imetengenezwa kwa alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Ikizidiwa na moto hupinda, na kupinda kwa sehemu ndogo ya milimita kunatosha kuharibu gasketi.

Kuhusu maji ya bomba, kuna hoja moja ya kweli ambayo wauzaji wa kulanti hawapendi kuitaja: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti. Lakini injini haihitaji kubebewa joto tu. Maji ya bomba na ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi, hula alumini na kuacha magadi kwenye mirija myembamba ya rejeta, na mirija ikiziba ule ubora wa maji kubeba joto haukusaidii kitu. Kulanti ina kemikali za kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kwenye mwinuko wa Nairobi, maji yasiyo na presha huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100, na hapo ndipo unapoona kazi ya mfuniko wa rejeta. Springi yake hushikilia presha inayofanya maji yasichemke hadi yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukikauka, kinga hiyo imekwisha, na mfuniko ni miongoni mwa spea rahisi kuliko zote. Usidanganywe na rangi ya kulanti, maana rangi inaweza kutiwa kwenye maji yoyote. Soma kwenye kopo kama imeshachanganywa. Kama bado, ichanganye na maji safi ya betri, na hakikisha hujapewa asidi.

Kazi yenyewe yafaa ifanywe asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi kamwe, kwa sababu maji yaliyobanwa hugeuka mvuke ghafla na kuunguza uso na mikono. Anza na yasiyo na gharama: toa majani na vumbi kati ya kondensa ya AC na rejeta kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, na binya mipira uone kama imepasuka au imelainika kama imechemshwa. Kabla ya kuifunga themostati mpya, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiyotumika kupikia pamoja na kipimajoto, uwashe jiko, utazame inafunguka kwa nyuzi ngapi. Jaribio hilo la dakika chache hukuonyesha spea bandia kabla haijaingia kwenye gari. Ifunge kwa mwelekeo ule ule ilivyokuwa ya zamani, kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kikiwa mahali panapotakiwa na injini yako, mara nyingi juu, na weka mpira mpya. Jaza polepole, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na hita iwe kwenye moto wa mwisho, hadi mapovu yaishe. Mapovu yasiyoisha kabisa, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Hapo ndipo penye jibu kwa anayeuliza kwa nini asimwachie fundi yote. Fundi mzuri anahitajika, na silinda hedi haifunguliwi uani kwa kubahatisha. Lakini fundi huliona gari likishaharibika, na wewe unaliona kila asubuhi. Kopo la akiba la maji ya rejeta lina alama mbili. Maji yakishuka leo na kesho, yanavuja mahali, na kuyaongeza bila kutafuta yanakokwenda ni kuahirisha bili. Ukimpelekea taarifa hiyo, pamoja na kilomita ambazo taa ya bluu ilichukua kuzima, atatafuta mahali palipo na kasoro badala ya kubadilisha spea tatu mfululizo kwa fedha zako. Na kulanti ya zamani ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko. Ni sumu, lakini ina ladha tamu, na kwenye beseni lililoachwa uani mtoto au mbwa ataionja kabla hujarudi na kitambaa.