Nyumba mbili za Kolo: faida ya kuhama tembe bila haraka

Kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, pale inapopita katika vilima vya Kondoa, ni jambo la kawaida kukuta uwanja mmoja wenye nyumba mbili za familia moja. Katika Kolo na vijiji vya jirani, ya kwanza ni tembe: fupi, pana, paa lake bapa limetandazwa udongo juu ya boriti na fito. Hatua chache kutoka hapo imesimama ya pili, ya matofali ya kuchoma. Pengine kuta zimefika kwenye lenta na bado ni boma tupu. Pengine imeshapauliwa bati, ila madirisha yamezibwa kwa matofali yaliyopangwa bila udongo. Familia hulala katika ya kwanza huku ikiijenga ya pili, na hali hiyo huweza kudumu miaka mingi. Mpita njia huona hapo umaskini, au uzembe wa mwenye nyumba. Makala haya yanatetea mtazamo tofauti. Miaka hiyo ya nyumba mbili ni mtaji. Familia inayoitumia vizuri hupata nyumba bora kuliko ambayo ingejengwa kwa mkupuo mmoja, na inayoiona tembe kuwa aibu ya kukimbiwa huishia kuhamia kwenye shida ambazo tembe ilikwisha kuzitatua zamani.

Tuanze na fedha. Mkulima wa kanda ya kati hana hati ya mshahara ya kupeleka benki, na kiwanja chake kijijini mara nyingi hakina hati ambayo benki ingeipokea kama dhamana. Kwa hiyo nyumba hujengwa kwa mavuno. Mvua zikikatika na kazi za shamba zikipungua, huku makorongo yakiwa bado na maji, udongo huchimbwa, hulowekwa na kukanyagwa, kisha hufyatuliwa kwa kibao, tofali moja moja, na kuanikwa chini ya nyasi ili jua kali lisiyapasue. Yakikauka hupangwa tanuri lenye matundu ya kuni chini, hukandikwa tope ubavuni na kuchomwa kwa moto unaolindwa usiku kucha. Alizeti au mbaazi zikipata bei mwaka huo, zinanunuliwa saruji na nondo. Mvua zikigoma, matofali yanakaa yanasubiri. Fedha taslimu ndani ya nyumba huombwa, hukopwa na huliwa, lakini si rahisi jirani kuja kuazima tofali lililokwisha kuchomwa. Katika mpango huu tembe ndiyo mfadhili mkuu, kwa sababu inawapa wajenzi mahali pa kulala bila kodi. Familia inayobomoa nyumba ya zamani mapema hujikuta ikijenga kwa pupa, na pupa katika ujenzi hulipiwa gharama mara mbili.

Kuhama kwa haraka si jambo geni kwa watu wa Dodoma. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilikusanya maelfu ya kaya katika vijiji vya Ujamaa, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akishiriki kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 likatoka agizo la nchi nzima kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Haki itendeke: shule, zahanati na visima vilisogea karibu na watu wengi kuliko awali. Hata hivyo, kwa upande wa nyumba, kulikuwa na hasara. Katika maeneo kadhaa nyumba za zamani zilibomolewa ili wenyewe wasirudi, na familia zikajikuta zikiezeka vibanda vya muda huku msimu wa kilimo ukiwapita. Zilinyimwa kile kipindi cha kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Misri ilipata somo la jirani na hilo. Katika miaka ya 1940 msanifu Hassan Fathy aliwajengea watu wa Gourna, karibu na Luxor, kijiji kizuri cha matofali ya udongo, kwa ustadi na heshima kwa mila za ujenzi za huko. Wengi wao walikataa kuhamia, kwani uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Nyumba haikosi watu kwa ubaya wa kuta peke yake. Hukosa watu pia pale ambapo mwenye kuishi ndani yake hakupewa muda wa kuipima na kuikubali.

Sasa tembe yenyewe inafanya kazi gani? Nyanda za juu za kati zina mchana mkali wa Oktoba na Novemba, na usiku wa Juni na Julai unaoingia mifupani. Ukuta mnene wa udongo na paa lenye tabaka nene la udongo hupokea joto polepole. Jua la mchana huchukua saa kadhaa kupenya, na linapofika ndani, nje tayari kumepoa. Hivyo chumba hubaki na ubaridi mchana na uvuguvugu usiku. Bati hufanya kinyume. Ni jembamba, hupata moto dakika chache baada ya jua kulipiga, hulimwaga joto hilo juu ya vichwa vya walio chini yake, na likiisha jua hupoa kwa kasi ileile. Ndiyo maana katika nyumba isiyo na dari watu hutoka kukaa chini ya mti saa nane mchana, na usiku wa kipupwe hujifunika mablanketi mawili. Paa bapa la tembe lilikuwa pia uwanja wa kuanika mtama na maboga, mbali na mbuzi na kuku. Nyumba mpya haina mahali hapo, na mara nyingi hakuna aliyelifikiria jambo hilo mpaka mavuno yanapoingia.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, na halifai kukwepwa. Tembe inaumiza afya. Nyufa za sakafu na kuta za udongo ni makazi ya papasi, wanaotoka usiku kuuma waliolala na kuwaambukiza homa ya papasi, ile inayopanda, ikaachia kwa siku kadhaa, kisha ikarudi. Mkoa wa Dodoma umejulikana kwa muda mrefu kuwa na ugonjwa huu, na wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wadogo. Ongeza moshi wa mafiga katika chumba kisicho na dirisha la maana, na mwanga hafifu unaomlazimu mwanafunzi kusomea nje. Yeyote anayeisifia tembe bila kuyataja haya anawadanganya wasomaji wake. Lakini pingamizi hili linatuelekeza kwenye mpangilio wa kuhama, na halidai kuhama kwa mkupuo. Kitu cha kwanza kuhamia nyumba mpya kiwe ni usingizi, hasa wa mama na watoto. Chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa plasta na dirisha lenye wavu wa mbu kina thamani kubwa kiafya kuliko vyumba vinne visivyo na sakafu. Vitanda na matandiko yatolewe, yaanikwe na kukaguliwa kabla ya kuingizwa, la sivyo papasi watahama pamoja na wenye nyumba. Tembe ibaki na kazi zisizohitaji mtu kulala humo: ghala, zana, kuku. Na siku itakapokosa kazi ivunjwe kabisa, kwa maana tembe isiyokandikwa paa huliwa na mchwa na huweza kumwangukia mtu. Boriti zake nzima zitafaa kwingine.

Pingamizi la pili ni la miti, na hili linagusa Kolo kwa namna ya pekee. Vilima vya Kondoa viliharibiwa vibaya na mmomonyoko, mpaka serikali ikaanzisha mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Uamuzi huo uligusa hata nyumba, maana tembe ilijengwa kwa ajili ya watu na mifugo pamoja, na samadi ndiyo iliyochanganywa na udongo kusakafia. Anayedhani tembe ni kitu kilichoganda tangu enzi za mababu asahau. Ilishabadilika sana kabla bati halijafika. Ni kweli kwamba inakula miti, kwani paa lake ni boriti tupu. Lakini tanuri la matofali nalo hula magogo kwa usiku mmoja au zaidi, na kenchi za bati zinataka mbao. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kujisifu. Familia yenye muda inaweza kuchagua njia ya tatu: msingi wa mawe, ambayo vilima vya Kolo havikosi, na juu yake matofali mabichi yanayokingwa na mapana ya paa, au matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine kutokana na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza matofali haya kwa miaka mingi. Kinachokwamisha vijijini ni mashine, na mashine moja ikinunuliwa na kikundi inaweza kuhudumia kijiji kizima.

Wapo watakaosema kwamba kujenga polepole ndiko kunakoijaza nchi maboma yasiyopauliwa, yaliyoota nyasi, huku bei ya saruji ikipanda kila mwaka. Wana hoja. Ila tatizo la maboma mengi huanzia kwenye ukubwa wa msingi. Mwaka wa mavuno mazuri hupimwa nyumba ya sebule, vyumba vinne na stoo. Mwaka unaofuata hakuna cha kuweka juu ya kuta. Tembe za kanda ya kati zilikuwa na akili zaidi katika hili. Ziliongezwa upande kwa upande kuzunguka ua, kijana akioa au jamaa ikikua, na kila upande ulikuwa umekamilika siku ulipoanza kukaliwa. Kanuni hiyo inafaa vilevile kwa matofali na bati: vyumba viwili vipauliwe, visakafiwe na kuwekwa milango, kisha viongezwe vingine. Polepole inayozungumzwa hapa ni ya kumaliza kipande kimoja kabla ya kuanza kingine.

Bati nalo lina sifa ambayo tembe haiwezi kuifikia, na wanaojenga Kolo wangeitanguliza kabla ya urembo wowote. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60, kwa mwaka wa milimita 600, hupokea lita 36,000. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki 28,800. Mahali ambapo mvua ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu, mfereji wa bati na tangi ni safari nyingi za ndoo zilizookolewa. Ubaya wa joto nao una dawa. Francis Kéré, msanifu mzaliwa wa Burkina Faso aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake cha Gando, iliyokamilika 2001, kwa matofali ya udongo na dari ya matofali hayohayo, kisha akaliinua bati juu ya dari ili upepo upite katikati na kulifagia joto. Kolo haihitaji nakala ya jengo lile, inahitaji wazo lake: dari, nafasi ya hewa kati ya dari na bati, baraza pana, na madirisha yasiyotazama jua la magharibi.

Limebaki swali la heshima. Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwandishi ampangie mkulima kukaa na udongo ilhali mjini hakuna anayelala kwenye tembe. Jibu ni kwamba hakuna anayeombwa kubaki. Kuhama ni haki ya familia, na nyumba ya bati inampa mwenyewe usafi, mwanga, maji na fahari anayostahili. Lakini kuhama mahali si sawa na kupadharau. Miamba yenye michoro ya kale, ambayo Kondoa iliingizwa kwa ajili yake katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, ilikuwa kivuli na makazi ya watu wa zamani. Leo hakuna anayeishi chini yake, ila mwamba mmojawapo, Mungomi wa Kolo, bado huendewa kwa matambiko ya mvua, na matumizi hayo hai ni miongoni mwa sababu za kuorodheshwa kwake. Kwa hiyo, kabla fundi hajalipwa kumalizia, familia ifanye kipimo kisicho na gharama: ikae saa nane mchana wa Oktoba katika chumba kipya, kisha iingie kwenye tembe, irudie usiku wa Julai. Tofauti itakayosikika mwilini ndiyo iamue bajeti iliyobaki. Wengi watagundua kwamba dari na baraza vinapaswa kutangulia vigae na grili za maua, na kwamba fedha ya kuvilipia ilikuwapo tangu mwanzo, isipokuwa ilipangiwa macho ya wageni.