Chawa wa Angani: Eropleni Iliyoundwa Nyumbani

Jirani akisikika usiku akipiga misumari uani kwake, watu hudhani kwamba anaunda kitanda, au kabati, au banda la kuku. Ni wachache watakaodhani kwamba anaunda eropleni. Walakini huko Ufaransa na Uingereza, katika miaka ya 1934 mpaka 1936, dhana hiyo haikuwa upuzi hata kidogo. Watu wa kazi za kawaida, ambao hawakupata kushika usukani wa eropleni maishani mwao, walikesha katika mabanda yao wakipaka gundi mbao nyembamba na kuwamba kitambaa juu ya mabawa, na mbele ya kila mmoja wao kilikuwapo kitabu kimoja, kimefunuliwa.

Kitabu hicho kilitungwa na Mfaransa, Bw. Henri Mignet, nacho kilitolewa mwaka 1934 kwa jina la "Le Sport de l'Air", maana yake mchezo wa angani. Hakikuwa kitabu cha wataalamu. Kilimweleza msomaji, hatua kwa hatua na kwa michoro, jinsi ya kuchagua mbao, kuzikata, kuziunga kwa gundi, kufunga injini, na mwisho jinsi ya kujifundisha kuruka mwenyewe pasipo mwalimu. Bw. Mignet alishikilia kwamba mtu awezaye kuunda sanduku imara la mbao aweza kuunda eropleni.

MTU ALIYESHINDWA NA USUKANI

Bw. Mignet alizaliwa mwaka 1893 katika mji wa Saintes, upande wa magharibi wa Ufaransa, na kazi yake ilikuwa ya mitambo ya redio. Tangu ujana wake alitamani sana kuruka, lakini hakuwa rubani stadi, wala hakuona haya kukiri hivyo. Katika eropleni ya kawaida rubani huongoza kwa mikono na miguu pamoja: mkono hushika fimbo iinuayo na kuinamisha pua na kulaza mabawa upande huu au huu, na miguu hukanyaga vipande viwili vigeuzavyo usukani wa mkiani. Mikono na miguu isipopatana, chombo huenda mrama. Bw. Mignet alijaribu mara nyingi, na mara nyingi mikono yake na miguu yake haikupatana.

Tena liko jambo baya zaidi ya hilo. Rubani mgeni akiinua pua kupita kiasi huku mwendo umepungua, upepo huacha kupita vizuri juu ya mabawa, nayo hupoteza nguvu ya kukibeba chombo. Hapo eropleni huanguka kwa ghafula, na pengine huzunguka kama pia hata ikafika chini. Zamani hizo watu wengi walikufa kwa njia hiyo, hasa wanafunzi. Mtu mwingine angaliamua kuacha mchezo huo akarudi kwenye redio zake. Bw. Mignet aliamua kwamba makosa si ya rubani bali ni ya eropleni, na kwamba yafaa kuundwa eropleni ya namna nyingine kabisa.

Basi akafanya kazi. Alikuwa amekwisha kuunda vyombo kadhaa, na kimoja, kilichoitwa H.M. 8, kilikuwa cha umbo la kawaida nacho kiliruka vema. Lakini chombo kilichomletea sifa, na majonzi pia, kilikuwa H.M. 14. Alikijaribu mbali na macho ya watu, karibu na mji wa Soissons, na tarehe 10 Septemba 1933 kiliruka kwa mara ya kwanza.

Mtu aliyekiona angaliweza kudhani ni kitu cha watoto. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita tatu na nusu tu, na upana wa mabawa kiasi cha mita sita. Rubani aliketi kama mtu aliye ndani ya beseni la kuogea, kichwa na mabega nje. Injini ilikuwa ndogo, ya namna itiwayo katika pikipiki, yenye nguvu za farasi zipatazo 17. Kilikuwa na mabawa mawili, moja mbele juu ya kichwa cha rubani, na moja nyuma yake chini kidogo, hivi kwamba ukingo wa nyuma wa bawa la kwanza ulikaribia sana ukingo wa mbele wa bawa la pili. Ukaribu huo msomaji aukumbuke.

Vipande vya kukanyaga kwa miguu havikuwapo. Yote yalifanywa kwa fimbo moja. Ikivutwa nyuma, bawa zima la mbele liliinua ukingo wake wa mbele, na chombo kikapanda. Ikisukumwa upande, usukani mkubwa wa mkiani uligeuka, na chombo chenyewe kililala upande kikapinda njia. Na kama alivyokusudia Bw. Mignet, rubani alipovuta fimbo kupita kiasi, chombo hakikuanguka kwa kuzunguka. Kilishuka polepole huku pua iko juu. Mauti yale aliyoyaogopa miaka mingi alikuwa ameyafungia mlango.

Akakiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Wafaransa waliliita gari la Ford la zamani "chawa wa barabarani" kwa kuwa lilikuwa dogo, jeusi, nalo lilionekana kila mahali. Bw. Mignet alitumaini kwamba chombo chake nacho kitaenea vivyo hivyo.

KIROBOTO AVUKA BAHARI

Kilienea upesi kuliko alivyotumaini. Mwezi wa Agosti 1935 Bw. Mignet mwenyewe aliruka juu ya mlango wa bahari utengao Ufaransa na Uingereza, na watu wakamlaki kwa shangwe. Kitabu chake kilikuwa kimekwisha kufasiriwa kwa Kiingereza na kutolewa mwaka huo huo, na nakala zikauzwa kwa maelfu. Waingereza walimbadili jina yule chawa wakamwita Kiroboto. Wizara ya Anga ya Uingereza, ambayo kwa desturi ilidai karatasi nyingi kabla ya kukubali eropleni mpya, ilitoa ruhusa ya namna ya pekee ili Viroboto vilivyoundwa nyumbani viruke bila ya kupitia majaribio yote ya eropleni za kiwandani. Aliyepata ruhusa ya kwanza ni Bw. Stephen Appleby, ambaye chombo chake kiliruka mwezi wa Julai 1935 katika kiwanja cha Heston, karibu na London, kikivutwa na injini ya gari la Ford iliyotengenezwa upya kwa kazi hiyo.

Ni rahisi leo kuwacheka watu hao, lakini si haki. Eropleni za kiwandani zilikuwa mali ya matajiri. Hapa alikuja mtu asiye na cheo wala kiwanda, akasema kwamba anga ni ya watu wote, na kwamba msumeno, gundi na subira vyatosha. Wengi kati ya waliomwamini hawakumaliza kazi. Mbao zao zilikaa ukutani hata zikawa kuni. Wengine walimaliza, lakini vyombo vyao vilirukaruka tu majanini visipande. Wengine walipanda.

Kisha watu wakaanza kufa.

Ajali zilitokea Ufaransa na Uingereza pia, na kufikia majira ya joto ya mwaka 1936 marubani kadhaa walikuwa wamekufa. Jambo lililowashangaza waliotazama ni kwamba ajali hizo zilifanana. Chombo kilikuwa kikienda vizuri, kikainamisha pua, kikaendelea kuinama, kikashuka moja kwa moja hata ardhini. Kilionekana kama kwamba rubani hakufanya neno lo lote kujiokoa. Na baadhi ya waliokufa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa marubani wenye ujuzi, ambao mikono yao na miguu yao ilipatana vema.

KATIKA HANDAKI LA UPEPO

Hapo ndipo likafanywa lile ambalo lingalifaa kufanywa mwanzo. Chombo kizima kilipelekwa Farnborough, mahali ambapo serikali ya Uingereza ilifanyia uchunguzi wa eropleni, kikafungwa ndani ya handaki kubwa la upepo ambalo mdomo wake ulikuwa na upana wa futi 24. Handaki la upepo ni mahali ambapo eropleni husimama na hewa ndiyo ikimbiayo; feni kubwa huvuta upepo juu ya mabawa, na mizani hupima kila nguvu ikisukumayo chombo juu, chini au nyuma. Wafaransa nao walifanya uchunguzi wao huko Chalais-Meudon, karibu na Paris.

Majibu yalikuwa wazi. Siri ilikuwa katika ule ukaribu wa mabawa mawili. Rubani alipovuta fimbo ili kuinua pua, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ulishuka, na nafasi kati yake na bawa la nyuma ikawa kama mlango mwembamba. Upepo ukipita katika mlango mwembamba huenda kasi. Upepo ule wa kasi ulipopita juu ya bawa la nyuma uliliongezea nguvu ya kuinuka. Na bawa la nyuma likiinuka, mkia huinuka, na pua huinama. Katika mwendo wa kawaida jambo hilo halikudhuru sana. Lakini chombo kilipokwisha kuinama kiasi cha digrii 15, rubani aweza kuvuta fimbo kwa nguvu zake zote, na pua isiinuke. Alipokuwa akivuta ili aokoke, alikuwa akivuta bure.

Basi wale marubani hawakukaa wakingoja. Walivuta.

Na mwenye ujuzi alikuwa katika hatari sawa na mgeni, pengine kuzidi, kwa sababu mgeni alikwenda polepole na chini chini, hali mwenye ujuzi alithubutu kupanda na kuinamisha pua. Tena kila mwundaji alitia injini aliyoipata, na mizani ya chombo kimoja haikuwa sawa na ya kingine. Kosa la mtu mmoja, lililokuwa halionekani katika chombo chake mwenyewe alichokizoea, lilichapishwa katika kitabu likaingia katika mabanda ya watu wasiomjua.

Tarehe 3 Agosti 1936 Viroboto vilishindana mbio huko Ramsgate, katika pwani ya Uingereza, mbele ya watazamaji wengi. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha. Serikali zikakataza au zikaacha kutoa ruhusa, na Viroboto vingi vikabaki mabandani.

Bw. Mignet hakukata tamaa wala hakukimbia lawama. Alibadili mipango yake, na waliomfuata wakabadili umbo la mabawa na nafasi iliyo kati yao, hata vyombo vya ukoo huo vikawa salama kuliko vya kwanza. Aliendelea kuunda mpaka uzeeni, akafa mwaka 1965. Katika Ufaransa wapo hata leo watu waundao na kurusha vyombo vya namna yake.

Uundaji wa eropleni nyumbani haukufa pamoja na wale waliokufa. Katika Uingereza wenye kupenda kazi hiyo walianzisha chama chao mwaka 1946, na katika Marekani Bw. Paul Poberezny alianzisha chama kama hicho huko Milwaukee mwaka 1953. Kwa sheria ya Marekani zaidi ya nusu ya chombo cha namna hiyo lazima iwe imeundwa na waundaji wa nyumbani wenyewe, asije mtu akanunua kazi ya kiwanda akaiita yake. Na katika Uingereza mkaguzi huja nyumbani kwa mwundaji kazi ingali ikiendelea. Hutazama kila kiungo cha gundi, hugonga, huinama na taa mkononi. Bawa haliwambwi kitambaa mpaka aseme ndiyo, kwa maana likiisha kuwambwa hakuna jicho litakaloona ndani tena.

Kiroboto kimoja cha miaka ile kimehifadhiwa huko Old Warden, Uingereza, pamoja na eropleni nyingine za kale. Husukumwa nje siku za maonyesho, na watoto hukizunguka wakiuliza kama kweli mtu mzima aliwahi kukaa ndani yake.