Mwenye Lugha Ndiye Mbaski

Mwulize Mbaski watu wake wanaitwaje, atakujibu kwa jina la lugha. Kwao Mbaski ni euskaldun, yaani "mwenye Kibaski". Jina hilo halitaji damu, ukoo wala kijiji. Ndiyo maana kaskazini mwa Hispania, katika majimbo ya Bizkaia, Gipuzkoa na Araba, mzazi anayemwandikisha mtoto shule hamtafutii kazi ya kesho tu. Anamtia jandoni.

Lugha yenyewe ni yatima. Kispanyola na Kifaransa, majirani zake, ni watoto wa Kilatini. Kibaski hakijathibitika kuwa na nasaba na lugha yoyote iliyo hai. Chini ya utawala wa Jenerali Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, kilifukuzwa madarasani. Na tangu kabla ya hapo walimu walikuwa na desturi ya pete. Mtoto aliyesikika akisema Kibaski alivishwa, naye akawa anamvizia mwenzake ateleze ulimi ili amkabidhi. Aliyekutwa nayo siku ya hesabu alikula fimbo. Waliosoma Kenya wakavishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama hawahitaji kusimuliwa zaidi.

Wazazi walijibu kwa siri. Katika miaka ya 1940 mwalimu Elbira Zipitria alifundisha watoto wachache majumbani mjini Donostia, ambao kwa Kispanyola huitwa San Sebastián. Kutokana na mbegu hiyo zikachipuka ikastola, "mahali pa kujifunzia", nazo zikaenea katika miaka ya 1960. Lakini vitabu vingeandikwa kwa Kibaski kipi, ilhali kila bonde lilikuwa na lahaja yake? Mwaka 1968 wataalamu wa Euskaltzaindia, baraza la lugha hiyo, walikutana Arantzazu na kuweka misingi ya Kibaski sanifu. Sisi tulikuwa tumepitia njia hiyo miaka arobaini kabla, Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Shule zilizojengwa kwa michango hazikusahau michango. Hadi leo majimbo yana sikukuu zao za ikastola. Ya Gipuzkoa, iitwayo Kilometroak, ilianza 1977. Familia hutembea njia iliyopangwa, huku kukiwa na muziki na chakula, na kinachopatikana huenda kwa shule. Ni harambee ya miguu.

Serikali ya pamoja ya majimbo hayo matatu ilipopata madaraka, ikaruhusu mzazi achague. Tangu 1983 kuna mifumo mitatu: A, ambapo masomo ni kwa Kispanyola na Kibaski ni somo, B, nusu kwa nusu, na D, ambapo masomo ni kwa Kibaski na Kispanyola ndicho somo. Usitafute C, kwani herufi hiyo haimo katika maneno ya asili ya Kibaski. Siku hizi wengi huchagua D, wakiwemo wazazi wasiojua hata salamu ya Kibaski na wahamiaji waliotoka mbali. Hapo mambo hugeuka: mtoto ndiye anayerudi nyumbani na lugha, mzazi akakaa chini kujifunza.

Mzazi huyo ana pa kwenda. Zipo euskaltegi, shule za watu wazima zinazofundisha hata jioni baada ya kazi, na barnetegi, ambako mtu hulala na kuamka na lugha hiyo. Anayefuzu huitwa euskaldun berri, Mbaski mpya, bila kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Kwa ajili ya shule za namna hiyo hukimbiwa Korrika, mbio za kupokezana zilizoanza 1980. Watu hununua kilomita, hukimbia usiku na mchana, na ndani ya kijiti wanachopokezana mna ujumbe ambao husomwa mwisho wa safari.

Baada ya sekondari, kijana si lazima aiache lugha mlangoni. Chuo Kikuu cha Nchi ya Wabaski, cha umma, hufundisha kwa lugha zote mbili katika kampasi za majimbo yote matatu. Chuo Kikuu cha Deusto, mjini Bilbao, ni cha Wajesuiti tangu 1886. Chuo Kikuu cha Mondragon, kilichoundwa 1997, ni cha ushirika. Mizizi yake ni shule ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1943 na padre José María Arizmendiarrieta. Vijana watano waliotoka mikononi mwake ndio waliofungua kiwanda mwaka 1956, kikawa chimbuko la ushirika mkubwa wa Mondragon. Fundi huko hadharauliwi mbele ya mwenye shahada.

Pamoja na hayo yote, simama barabarani usikilize. Ukijumlisha maeneo yote ya Wabaski, takriban mtu mmoja kati ya wanane ndiye husikika akizungumza Kibaski. Watoto waliofundishwa hesabu kwa Kibaski hucheza mpira kwa Kispanyola. Chanzo kimojawapo ni adabu: wakiwa wanane mezani, na mmoja hajui Kibaski, wote humfuata yeye. Heshima kwa mgeni inamgharimu mwenyeji ulimi.

Zamani dawa ingekuwa shule nyingine. Iliyobuniwa 2018 ni beji. Katika siku za kampeni ya Euskaraldia, anayeahidi kusema Kibaski na kila anayekielewa huvaa beji ya ahobizi, "mdomo hai". Anayeelewa, hata kama hakisemi vizuri, huvaa ya belarriprest, "sikio tayari", akimaanisha: sema nami, nitakufuata. Pete ya zamani ilivishwa mtoto kwa nguvu ili anyamaze. Beji hii mtu huivaa kwa hiari yake, hata asiyeweza kujibu, ili mwenzake asinyamaze.